Kiti cha Baba chenye Mguu wa Mninga

Hapana, dada Kabula, usikitupe. Najua unauliza kwa vile watu waliokuja msibani wamekicheka, kiti cha plastiki chenye mguu mmoja wa mti. Waache wacheke. Usikitupe.

Mwangaluka, dada. Mama anakula? Mgongo wake unaendeleaje? Mimi huku Dar mwili upo, ila sauti ya kuita wateja imekauka. Barua yako imenikuta wiki ya pili baba yuko chini. Siku mnamzika, mimi niko Kariakoo napiga kelele, "Njoo mama, kiti hakiliwi na mchwa!" Nikikumbuka hilo natamani ardhi inimeze na viti vyangu.

Mzee yule, jamani! Seremala gani mwenye njiwa arobaini, mizinga ya nyuki, ngoma mbili, na filimbi ya refa aliyoichonga mwenyewe? Unamkumbuka mzee wa Nkololo na mlango wake? Alimfuata baba hadi uwanjani, mpira unachezwa, baba ndiye refa, penseli iko sikioni.

"Fundi, mlango wangu?"

"Mbao bado inakauka."

"Inakauka tangu masika! Mbuzi wanaingia hadi chumbani!"

"Basi wafundishe kubisha hodi," baba akampulizia filimbi, akamtoa nje ya uwanja. Mteja, dada! Na redio ya shemeji aliifungua akaifunga tena, zikabaki skrubu tano, akasema kiwandani waliweka za ziada.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuja ile mara ya mwisho, biashara imekuwa ruksa kwa kila mtu, nilimletea baba kile kiti. Nilijiona tajiri. Akakigonga kwa kidole mbele ya wazee.

"Hiki kimetoka mti gani?"

"Hakina mti, baba. Siku hizi watu hawasubiri mbao ikauke."

Wazee walicheka hadi wakakohoa. Baba naye alicheka. Lakini kesho yake hakunisindikiza stendi, yeye ambaye alikuwa anasindikiza hata wauza dagaa. Nilikaa kwenye basi namwangalia kila mwenye kofia, nikidhani ni yeye. Toka hapo sikuandika. Kila nikishika kalamu namwona anacheka vile, naiweka chini. Nilijua kiti kile amewapa kuku watagie.

Halafu wewe unaniandikia kwamba mguu ulivunjika, akaacha kazi zote za watu, akachonga mwingine wa mninga, akaupiga randa, akaupaka mafuta. Eti siku moja tu, ukaisha! Na kwamba hata kifua kilipombana alikuwa anaomba atolewe nje akae hapo hapo, awatazame njiwa wake. Dada, nimeisoma hiyo sehemu mpaka karatasi imelowa.

Msalimie mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, mwambie redio asiifungue. Na baba mdogo wa Migato, mwambie asante kwa kuchimba kaburi nililotakiwa kuchimba mimi.

Sasa tupatane. Mizinga, ngoma, njiwa, misumeno, randa, chukua wewe na mama, sidai hata msumari. Mimi naacha nafasi yangu hapa sokoni, nakuja pamba ikianza kuvunwa, nakaa na mama. Wewe nipe kile kiti tu. Ukiona nimekupunja, basi chukua na kiti, ila mguu uung'oe uniwekee.

Mdogo wako, Maduhu