Dawa Iliyotoka na Sabuni

Lumemo, Ifakara
19 Juni 1956

Mdogo wangu Fridolin,

Salamu zikufikie kutoka nyumbani. Sisi wazima. Shemeji yako Raimundi mzima, watoto wanakula wali mpya mpaka wanasinzia juu ya sahani. Wewe hujambo huko Kilosa? Kile kifua kimepona? Mkonge una vumbi, uwe unakunywa maji.

Mimi mwili sijambo, moyo ndio unaoumwa. Jumapili tumefungwa. Wala si kufungwa kwa kawaida, Frido. Timu ya Radi wamevuka mto kutoka ng'ambo, wametupiga sita bila hapa hapa kwetu, mbele ya watu waliotoka misa. Bao la nne nilikaa chini. La sita nililia waziwazi, na jirani yangu Domitila akanishika mkono kunirudisha nyumbani.

Sasa sikia balaa lenyewe. Wanasema niliyewafungisha ni mimi. Unajua jezi za timu yetu, Kiboko, nazifua mimi tangu mwaka 1952, kwa sabuni yangu. Jumamosi nilikuta furushi lao barazani kwa kapteni Dionisi, zinanuka mafuta ya samaki na majivu, nyingine zimegandamana. Nikasema hawa vijana wamezilalia jikoni nini. Nikaziloweka, nikazisugua mpaka povu likawa jeupe, nikazianika. Kumbe mganga alikuwa amezipaka dawa, na mimi sikuambiwa, maana mambo ya dawa mwanamke haambiwi. Wachezaji walipozivaa zinanukia sabuni, miguu ikawaishia nguvu hata kabla ya filimbi.

Mzee Valeriani, mwenyekiti wetu, akaitisha mkutano. Nisiguse jezi tena, nisikanyage uwanjani tena. Nikawaambia, nimefua jezi, sikufua miguu yenu. Wakanuna.

Wewe ulikuwa golikipa wao. Ile penalti uliyodaka mwaka 1952 bado inasimuliwa kwenye pombe. Mwandikie Mzee, neno lako atalisikia. Wengine wana ngoma zao, mimi nina Kiboko tu. Wasininyang'anye.

Dada yako,
Emerensiana


Kilosa
4 Julai 1956

Dada yangu, shikamoo.

Nashukuru kusikia mko salama. Kifua kinaendelea vizuri, nakohoa asubuhi tu. Msalimie shemeji na watoto.

Habari ya jezi ilifika hapa kabla ya barua yako. Watu wa kwetu walioko kambini wananiita Bwana Sabuni. Hata mnyapara, ambaye si wa kwetu, ananiita hivyo.

Dada, usinikasirikie. Wewe ni mama mtu mzima. Mpira ni wa wanaume, na dawa ina wenyewe. Chukua kuku mmoja umpelekee Mzee Valeriani, uombe radhi, yaishe. Kumwandikia siwezi. Kuna mambo ya timu ile usiyoyajua, na mimi sitaki kuyafukua. Kaa nyumbani msimu huu mmoja. Hasira za mpira hazidumu.

Mdogo wako,
Fridolin


Lumemo
17 Julai 1956

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko wazima, na yule kuku uliyemtaja ni mzima pia, anataga. Kwa Mzee Valeriani haendi. Nitaombaje radhi kwa kufua nguo chafu?

Juzi Jumapili tumecheza na Michenga. Katazo linasema nisikanyage uwanjani. Halikutaja kichuguu kilichoko shambani kwa Domitila, nyuma ya goli. Nikapanda juu yake na kanga yangu mpya, saa tisa kamili. Mzee aliniona. Akamtuma mtu aje aniteremshe, Domitila akamuuliza yule mtu, hili shamba ni la baba yako? Akarudi alikotoka.

Michenga wakatangulia. Uwanja mzima kimya, mtu anasikia hata mbuzi. Nikaona vijana wameinamisha vichwa, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilimwita kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake. Dionisi akasawazisha. Halafu dakika za mwisho, kona, kichwa, ndani! Frido, niliruka nikasahau nimesimama juu ya nini. Nimechubuka goti lote na sijali. Usiku ule sikula, nilishiba.

Walipotoka wakasema ni dawa mpya. Haya, iwe dawa. Mimi sikudai chochote. Lakini tarehe 7 Oktoba tunakwenda ng'ambo kurudiana na Radi, nami nitavuka. Raimundi amesema atanivusha kwa mtumbwi wake wakininyima nafasi kwenye pantoni. Kama unataka kuniandikia habari za kuku, weka stempu yako.

Dada yako,
Emerensiana


Lumemo
4 Septemba 1956

Fridolin mdogo wangu,

Mwezi na nusu bila hata mstari. Kama unaumwa, mwambie mtu akuandikie. Kama umekasirika, niandikie hizo hasira, nitazisoma.

Huku Kiboko wananuka. Tangu Juni jezi hazijaona maji, kwa kuogopa dawa isitoke. Jumapili iliyopita kipa wetu alikuwa akijikuna wakati mpira unapita. Tumefungwa mbili, nami juu ya kichuguu changu nikaita majina yao yote kama kawaida. Mama mmoja akanicheka, unashangilia nini na mmefungwa? Nikamwambia, wakishinda wana watu wengi.

Juzi Dionisi alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma na furushi chini ya koti. Anataka nizifue kwa siri, nizianike ndani, Mzee asijue. Nikamwambia nafua mchana, naanika kando ya barabara, na Jumapili nasimama uwanjani kwa miguu yangu. Akakuna kichwa, akaondoka na furushi lake. Masikini, nilimhurumia. Lakini sikumwita arudi.

Najua umesema kuna mambo nisiyoyajua. Basi niambie. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, unanificha nini?

Dada yako,
Emerensiana


Kilosa
22 Septemba 1956

Dada, shikamoo.

Siumwi. Nilikuwa na aibu.

Unakumbuka ile penalti. Kila mtu anajua mganga alinifunga hirizi mkononi, na Mzee Valeriani mpaka leo anaitaja mikutanoni kuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi. Dada, ile hirizi sikuwa nayo. Asubuhi ya mechi nilikwenda kuoga mtoni, ikafunguka, ikaenda na maji. Nikaogopa. Nikachana kitambaa cha kofia yangu, nikakifunga pale pale, nikaingia uwanjani. Nikadaka. Wakanibeba juu juu, Mzee akaubusu mkono ule. Ningesemaje?

Miaka minne nimenyamaza. Ulipoandika habari ya jezi nilijua neno langu moja lingekuokoa, nikakutuma upeleke kuku. Nisamehe.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Mzee Valeriani. Nimeandika yote. Mpelekee kabla ya tarehe 7, asome mkutanoni. Mimi sina uso wa kumtazama.

Mdogo wako,
Fridolin


Lumemo
9 Oktoba 1956

Mdogo wangu Frido,

Marahaba, na nimekusamehe. Huku wazima wote, ila mimi sauti sina, ndiyo maana nashukuru kuna kalamu.

Tumefungwa nne kwa moja.

Nilivuka na mtumbwi wa Raimundi, maana pantoni walijaza watu wao. Huko ng'ambo hakuna kichuguu. Nikasimama pembeni ya mstari, mbele kabisa, Mzee Valeriani hatua tano kutoka kwangu. Akafungua kinywa kunifukuza, Radi wakafunga la kwanza, akakifumba. Mpaka mapumziko ilikuwa tatu bila. Watu wetu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, eti wawahi pantoni. Nikabaki mimi, Mzee, na ng'ombe wa watu. Radi walinizomea, waliniimbia wimbo wa sabuni, wameutunga vizuri kweli. Nami nikaita majina. Dakika za mwisho Dionisi akapata bao letu, akakimbia moja kwa moja hadi niliposimama, akaupiga mkono wangu kwa mkono wake. Bao moja, Frido, na nilijiona tajiri.

Kivukoni tukawakuta wale waliotoroka, bado wanangoja pantoni. Safari hii nikapanda nao, na hakuna aliyenizuia. Katikati ya mto, jezi zinanuka mpaka watu wanageuza nyuso, nikauliza kwa sauti iliyobaki: "Leo nani kafua?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wakacheka wote, hata vijana waliokuwa wanalia. Mzee Valeriani peke yake hakucheka. Tulipofika ufukweni akaniambia polepole, "Emerensiana, Jumapili uje." Nikamwambia, Mzee, mbona leo nilikuwepo? Akatikisa kichwa, akaniamuru nichukue furushi nikafue. Nikakataa. Kama wanataka sabuni yangu waniombe mkutanoni, wote, mchana. Kushangilia ni kwangu, hilo siombi ruhusa tena kwa mtu.

Sasa wewe. Ile barua ya Mzee sikumpa, wala sitampa. Ningeitoa kwenye pantoni ningewamaliza wote, na mkono uliniwasha. Lakini neno la miaka minne halipelekwi na dada mtu kwenye bahasha. Tarehe 28 Michenga wanakuja tena, hapa hapa nyumbani. Omba ruhusa kwa mnyapara wako, panda gari, uje ulisimulie mwenyewe mbele ya Mzee na watu. Huenda wakakuzomea, penalti yako ile wanaipenda sana. Nitakuwa kando yako, naita jina lako na jina la mama yetu. Kumshangilia anayefungwa nimekwisha kuzoea.

Dada yako,
Emerensiana