Drili ya Fundi Derick na Ukuta wa Hezekia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Ikungi. Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, saa 3:20 asubuhi.

Jina: Evodia Antipasi. Umri: miaka 61. Kabila: Mnyaturu. Dini: Mkristo. Kazi: mkulima. Makazi: Issuna.

Mimi ni mama mzazi wa Calist Hezekia, ambaye yuko mahabusu tangu jana mchana kwa tuhuma ya kuiba drili ya Derick, fundi umeme.

Mume wangu, Hezekia, alifariki mwaka jana, mwezi wa nane. Nyumba yetu ni ya matofali ya udongo. Ukuta wa sebuleni aliusiriba mwenyewe kwa udongo wa kichuguu na majivu, mwaka tuliompata Calist. Aliupitishia kipande cha kibuyu, ukabaki na mawimbi madogo madogo. Nilimwambia hajalainisha vizuri. Akasema, "Ukiwa laini sana mjusi atateleza, utaniita nije kumwokota." Jioni aliegemea hapo. Alama ya mafuta ya kichwa chake bado ipo.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, Jumamosi, saa nne asubuhi, Derick alifika kutuingizia umeme. Alichimba mfereji ukutani kutoka juu hadi kwenye swichi, akapitisha bomba la waya. Mfereji ulipita kando ya ile alama. Taa iliwaka. Alipoanza kufungasha, Calist alimuuliza nani ataziba.

Derick akasema, "Mimi fundi umeme, kaka. Lipu ina fundi wake."

Calist akasema, "Daktari akishakupasua, anakuambia ukatafute wa kukushona?"

"Basi mngemwita daktari awafungie taa."

Mimi nilicheka kidogo. Calist hakucheka. Alichukua drili, akaiweka mezani mbele yetu, akasema itatoka ukuta ukizibwa. Hakuificha. Mimi ndiye niliyeifunika kwa kitambaa, isiingie vumbi.

Jumapili saa tatu asubuhi Calist alikuwa kanisani. Mimi nilibaki kwa sababu ya goti. Derick alirudi na ndoo ya sementi na mwiko. Aliniamkia, akasema, "Mama, mfereji nimechimba mimi. Acha nizibe." Alisema vizuri. Lakini alipopandisha mwiko niliona sementi itafunika mawimbi na ile alama. Nikasimama mbele ya ukuta. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Ondoka nayo." Akaomba drili yake. Nikamwambia amsubiri aliyeiweka. Akaondoka na hasira, akaja hapa kituoni. Calist alikamatwa akitoka kanisani, hajui hadi sasa kwamba fundi alirudi. Aliyeizuia drili Jumapili hiyo ni mimi.

Afande ameniuliza kama fundi umeme anapaswa kuziba ukuta. Naona anapaswa. Ila aulize kwanza ukuta ule ulisiribwa na nini, na nani. Derick hakuuliza, nami sikumwambia.

Naomba Calist atoke na Derick apewe drili yake, nimekuja nayo. Udongo nitauchanganya mwenyewe. Kipande cha kibuyu bado kiko juu ya kabati, Hezekia alipokiacha.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimeyasema bila kulazimishwa.

Sahihi: E. Antipasi

Mimi, Koplo Leonidas, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi mbele ya mlalamikaji, naye shahidi amekubali ni sahihi. Mlalamikaji amekabidhiwa drili, ameondoa malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa saa 5:10 asubuhi. Mlalamikaji amemuuliza shahidi kichuguu kiko upande gani. Wameondoka wote watatu, ndoo aliyoiacha hapa jana ameibeba mlalamikaji.