Bango la Kona ya Shule

Tarehe 4 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila mikono imepauka kwa sabuni ya mashuka. Hoteli imejaa wageni na sisi wa dobi hata kupumua hatupumui.

Nina habari, kaa kwanza. Umekaa? Kuna kampeni inatafuta wanawake wanaofanya makubwa mitaani kwao, nikawaandikia habari zako. Niliwaeleza jinsi unavyoiacha cherehani yako kila asubuhi, na tena watoto wanapotoka shule, ukaenda kusimama katikati ya barabara kuu na kile kitambaa chekundu, ukasimamisha malori mpaka mtoto wa mwisho avuke. Nikatuma na ile picha niliyokupiga nilipokuja likizo, umeinua kitambaa juu. Mama, wamekuchagua. Utapewa tuzo Siku ya Wanawake, na picha yako itawekwa kwenye bango kubwa hapo hapo mtaani.

Nililia mbele ya mashine ya pasi, msimamizi akadhani nimeungua. Huku mimi ni namba ya zamu tu, hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani. Sasa watajua. Vaa lile gauni la bluu, na nakuomba sana usinune kwenye picha.

Binti yako,
Kifungo


Tarehe 15 Februari

Kifungo mwanangu,

Marahaba. Goti linauma asubuhi, mchana linasahau, jioni linakumbuka. Vinginevyo mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti mbele ya shoga yangu msusi. Alipiga vigelegele mpaka mteja akashtuka na kichwa kimesukwa nusu. Kwa hiyo sasa mtaa mzima unajua. Sijui nikushukuru au nikuchape.

Asante, mwanangu. Najua umefanya kwa mapenzi. Lakini wewe unajua ninachotaka kwenye barabara ile. Nataka tuta. Tuta la lami, la kumfanya dereva akanyage breki hata kama kwao hakufundishwa adabu. Nimeliomba tangu wewe mwenyewe unavuka pale na soksi zimeshuka, na ofisi ya mji kila nikienda wananiambia wanalifanyia kazi. Leo lami ya tuta hawana, ila chuma cha bango kimepatikana. Kama huko si kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, niambie ni nini.

Haya, sitaki kukuharibia furaha. Gauni nitavaa. Kuhusu kununa, hiyo ndiyo sura yangu, ulizaliwa ukaikuta.

Mama yako


Tarehe 11 Machi

Kwako Kifungo,

Natumaini mikono imepata nafuu. Pakaza mafuta kabla ya kulala, usisubiri ichanike ndipo unikumbuke.

Sherehe imepita. Waliiweka saa ya watoto kutoka shule. Niliwaambia mapema, wakasema ratiba imeshapangwa. Basi kengele ya shule ilipolia nikainuka kwenye kiti changu cha mbele, nikaenda barabarani na gauni langu la bluu. Nasikia mwenyekiti wa kampeni aliita jina langu mara kadhaa, watu wakageuka huku na huku. Niliporudi nina vumbi mpaka kwenye nyusi, wakanipa tuzo yenyewe, kioo kizito chenye umbo la mwali wa moto. Kinanifaa kukandamizia karatasi za mitindo, feni isizipeperushe. Kisha wakanipa kipaza sauti. Nikasema, "Asanteni, naomba tuta." Wakacheka. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akafuta machozi, akawaambia watu, mnaona alivyo mnyenyekevu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitanii. Bango wamelisimamisha pale uchochoro wa shule unapotokea barabarani, kwenye kona. Ni turubai la plastiki limevutwa kwenye fremu ya chuma, kutoka juu kabisa mpaka usawa wa magoti. Zamani dereva aliona vichwa vya watoto wakiwa bado uchochoroni. Siku hizi anaona uso wangu. Watoto wanachomoka nyuma ya shavu langu wakiwa wameshakanyaga lami, hawamwoni dereva na dereva hawaoni. Juu yao maandishi yamekolea: MLINZI WA WATOTO WETU.

Nimekwenda ofisi ya mji, wakasema bango ni la kampeni. Nimekwenda kampeni, wakasema wao wameweka kwa maombi ya aliyependekeza jina, na hawawezi kuligusa bila barua yake. Wamenipiga danadana siku tatu hizi, na mwisho wa mpira ni wewe. Waandikie waliondoe. Mistari miwili inatosha.

Mama yako


Tarehe 23 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Nimeisoma barua yako wakati wa chai, sikuweza kumaliza kikombe. Ile picha ya bango aliyonitumia msusi nimeibandika kwenye kabati langu la kazini. Wenzangu wote wameiona. Msimamizi, ambaye hajawahi kuniuliza hata nimelalaje, alisimama akaitazama, akauliza, "Huyu ndiye mama yako?" Toka siku hiyo ananiita kwa jina. Na sasa niwaandikie waliondoe?

Mama, nisamehe, lakini nimechoka. Kila ninachokuletea lazima kikukere. Shuka nililokutumia lilikuwa jepesi. Viatu vilikuwa vya kizee. Jiko la gesi hata karatasi hujalivua, umelifanya meza ya kuwekea nyuzi. Nimekaa nimefikiri nikupe kitu gani ambacho huwezi kukirudisha, nikakupa heshima yako. Na hiyo nayo unataka kuirudisha.

Bango litakaa mpaka mwisho wa mwaka tu. Wewe mwenyewe unakuwepo pale, na kitambaa madereva wanakiona. Barua ya kuliondoa sitaandika.

Binti yako,
Kifungo


Tarehe 2 Aprili

Kifungo,

Nakusalimu. Afya yangu si mbaya, hasira ndiyo mbaya.

Jiko la gesi naliogopa. Nilikuwa naona haya kukwambia, sasa nimekwambia. Shuka ninalalia. Hayo tuyaache, tutagombana vizuri ukija, maana ukiwa mbali hata kugombana hakunogi.

Hapa ninasema juu ya watoto. Barabara ina pande mbili na mimi nina uso mmoja. Nikiyazuia malori yanayoshuka, mgongo wangu unatazama kona. Hapo zamani sikuogopa, kwa sababu dereva wa upande ule aliwaona watoto mwenyewe. Leo hawaoni. Nimewafundisha wasimame nyuma ya bango wasubiri nipige filimbi. Darasa la kwanza, Kifungo. Unawajua darasa la kwanza. Wewe ukiwa na umri huo ulimeza kifungo cha koti la mteja kwa sababu kilikuwa kinang'aa, na jina hilo hujaliacha mpaka leo. Mtoto wa hivyo ndiye nimwambie asubiri filimbi?

Jana baiskeli imempamia mmoja. Kachubuka kiwiko, nimemfunga kitambaa, nimempeleka kwao. Mama yake, muuza maji wa mtaa wa pili, hakunilaumu. Alirudi nami mpaka kwenye kona, akalitazama bango, akanitazama mimi. Heri angenitukana.

Nakuomba. Na unajua kuomba si kawaida yangu.

Mama yako


Tarehe 21 Aprili

Kifungo,

U mzima? Sijapata jibu. Najipa moyo kwamba ni posta.

Nimerudi tena ofisi ya mji. Afisa wa barabara alivaa miwani ya mbao, hakuinua uso kwenye simu yake. Nikakaa tu mbele ya meza yake mpaka akachoka. Mwisho akaniuliza, mama, wangapi wanatamani sura zao ziwekwe pale? Nikamjibu waje waichukue kona hata kesho. Akacheka, akanisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Heshima napewa kila mahali siku hizi, mwanangu. Ninachoomba ndicho sipewi.

Mama yako


Tarehe 10 Mei

Kifungo,

Usishtuke kuona mwandiko umelala, na mimi nimelala. Sijafa.

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimezuia lori la mchanga, mgongo wangu umeelekea kona. Binti mdogo wa muuza maji, yule yule wa kiwiko, kaona mwenzake yuko ng'ambo, akatoka nyuma ya bango mbio. Nilisikia pikipiki kabla sijaiona. Nilimvuta kwa mkoba wake wa shule, akaanguka nyuma yangu, na pikipiki ikanichukua mimi. Mguu umevunjika chini ya goti. Ni mguu wa lile goti bovu, kwa hiyo angalau nimebakiwa na mmoja mzima. Mtoto hana hata mkwaruzo. Kijana wa pikipiki alikaa chini barabarani analia, anasema, "Nilikuwa namtazama mama wa kwenye bango." Sina la kumlaumu.

Kesho yake msusi alikuja kunitazama. Hakuuliza hali. Aliuliza mkasi mkubwa uko wapi, ule wa kukatia turubai. Nikamwonyesha. Nje walikuwa wakimsubiri muuza maji na mwalimu wa darasa la kwanza, wana ngazi waliyoazima kwa fundi rangi. Mimi nilibaki kitandani, nikasikia kelele tu. Waliporudi walikuwa wamelibeba turubai limekunjwa kama zulia, msusi anahema, ananiambia, "Shoga, samahani, tumeanzia shingoni."

Ofisi ya mji walikuja mbio kuliko walivyowahi kuja kwa jambo lolote. Wakauliza nani ameharibu mali. Msusi akasema mimi. Mwalimu akasema mimi. Muuza maji akasema mimi, na mtoto wake aliyeng'ang'ania sketi yake naye akasema mimi. Afisa akaandika majina yote, hata la mtoto, akaondoka. Sasa wanataka tuombe radhi na tulirudishe. Tuta wamesema litajadiliwa.

Kwa sasa msusi anasimama asubuhi, mwalimu anasimama mchana. Upande mmoja tu, kama mimi. Ukweli wake nimeuona nikiwa kitandani: miaka yote hiyo barabara ile ilikuwa ya watu wawili na nilikuwa najidai naiweza peke yangu.

Sikuandikii ili ujisikie vibaya. Nakuandikia kwa sababu ungesikia kwa msusi, na yeye hutia chumvi.

Mama yako


Tarehe 19 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Unapata usingizi? Nani anakupikia?

Haikuwa posta. Barua zako zote nilizipata. Ya mwanzo wa Aprili nilikaa nayo kwenye mfuko wa aproni mpaka ikapita kwenye mashine ya kufulia pamoja na aproni, na hata hapo nilisema acha, yeye ndiye aanze kunielewa. Mama, nilikuwa nakutazama kwenye kabati kila siku. Nilikuwa naangalia uso wako na sikuangalia nyuma yake kuna nini.

Nimewaandikia kampeni na ofisi ya mji barua moja, kurasa tatu. Mimi ndiye niliyependekeza jina, kwa hiyo radhi inayodaiwa nitaiomba mimi, pale pale kwenye kona, saa ya kutoka shule. Wanaotaka kuisikia waje wasimame barabarani.

Msimamizi alininyima likizo. Nikabandua picha kabatini, nikamwekea mezani, nikamweleza yaliyokupata. Akaniuliza nataka kuondoka lini. Nakuja na basi la mwisho wa mwezi, na nitakaa mpaka mguu upone. Usiniambie nisije.

Sijui nikuletee nini. Safari hii naogopa hata kuchagua.

Binti yako,
Kifungo


Tarehe 27 Mei

Kifungo mwanangu,

Marahaba. Mguu unawasha ndani ya plasta na siwezi kuufikia hata kwa kijiti cha kufumia. Usingizi napata. Anayepika ni msusi, kwa hiyo nimekonda.

Sijakwambia usije. Nimekwambia lini?

Usilete kitu. Usilete maua, usilete shuka. Lete viatu vya kukimbilia, maana vile vya visigino ulivyokuja navyo likizo vitakuaibisha mbele ya malori. Na hilo jiko la gesi utaniwashia wewe kwanza, mimi nitasimama mlangoni.

Afisa wa barabara amepata barua yako. Amekuja mwenyewe leo, akasimama kwenye kona akatazama ile fremu tupu, na uchochoro unaonekana wazi katikati yake. Watoto wakatoka. Lori likapita bila kupunguza mwendo, akaruka nyuma mpaka akakanyaga mtaro kwa kiatu chake kizuri. Hakusema lolote kuhusu tuta. Alipima upana wa barabara kwa hatua, akaandika, akaondoka. Sijipi matumaini. Nimeshapimiwa ile barabara mara nyingi.

Turubai nimelitandika mezani tangu juzi, mguu juu ya kigoda, cherehani pembeni. Uso wangu sijui nifanye nao nini. Msusi anautaka akingie mvua kwenye kibaraza chake, nimekataa, sitaki watu wakae chini ya pua yangu. Lakini kile kitambaa nilichokishika pichani ni kikubwa na wekundu wake umekolea, mvua yote ya Aprili haikukichujisha. Changu cha kweli kimepauka siku nyingi. Nimekikata kile cha bango, nimekipinda kingo na kukishonea mpini. Ni kizito, dereva atakiona kutoka mbali. Safari hii umeniletea kitu nisicho na la kukisema.

Kinakusubiri nyuma ya mlango. Mimi nikishapona nitarudi upande wangu wa malori. Upande wa kona ni wako.

Mama yako