Neno Ulilonimenyea Jikoni

Tata, baba yangu mpendwa,

Huko uliko natumaini hakuna majirani wa kukucheka. Hapa Nshamba walikucheka vya kutosha, na sababu nilikuwa mimi, binti yako.

Unakumbuka nilivyobwaga daftari nikiwa kidato cha kwanza, nikasema Kiingereza kimenishinda, bora niache shule nikauze dagaa visiwani? Hukufoka. Ulikwenda gulioni ukarudi na kamusi kuukuu isiyo na jalada. Na kwa kuwa nilikuwa nikitulia wakati wa kumenya ndizi za jioni tu, wewe, mwanamume wa Kihaya mwenye kanzu yake ya heshima, ukaingia jikoni ukashika kisu.

Mae, mama yangu, alishika mdomo. Jirani alipochungulia akapiga kelele, "Waitu! Umeolewa lini?"

"Leo hii," ukamjibu. "Mahari bado, kama unayo lete."

Neno lililonitisha lilikuwa *uncomfortable*. Ukasema neno refu ni maganda tu. Ukatoa *un* ya mbele, inayokanusha. Ukatoa *able* ya nyuma, ya kuwezekana. Ikabaki *comfort*, faraja. Ukalisaka kwenye kamusi, kidole kikifuata mistari, mpaka ukakuta limetoka Kilatini, na maana yake ya kale ni kutia nguvu.

"Kumbe kumfariji mtu si kumpa pole tu," ukasema. "Ni kumwongezea nguvu."

Uliishia darasa la saba, Tata, lakini ulifurahi kana kwamba neno hilo umelitunga wewe. Ndizi zako nazo ulizitoa maganda manene mno, zikabaki kama vidole vya mtoto, na Mae akalalamika kuwa tutalala njaa. Ukarudi kesho yake, na keshokutwa, wiki nzima, kwa neno lilelile, kwa sababu kila siku nilikwambia limenitoka.

Siku hizi nafundisha Kiingereza Izimbya. Wanafunzi wakikwama nawasimulia habari za kisu chako. Wanacheka, nami nacheka nao, halafu nakukumbuka mpaka nageukia ubao.

Sasa nikuungamie. Neno lile nililielewa siku ya kwanza. Siku zote zilizofuata nilijifanya sijui, maana sikuwahi kukaa karibu nawe namna ile, na niliogopa kwamba nikilijua tu, utatoka jikoni.

Pumzika, Tata. Nakupenda.

Binti yako, mwongo wa wiki moja