Tumbo la Blanketi

Voi,
9 Aprili 2025

Kwa dada yangu mpendwa Rachel,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku tu wazima. Mvua imechelewa, Sagalla bado wanapanga mitungi foleni, lakini mbaazi za mwaka jana hazijatuishia. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zimejaa kila mahali. Nina sababu, na utaiona kabla hujafika mwisho.

Kwanza nikupe habari za mablanketi ya Mama. Unayakumbuka yale manne ya viraka, moja kwa kila msimu: la masika la kijani, la kipupwe la kijivu, la vuli la zambarau, na la kiangazi jekundu kama udongo wa Kishushe. Miaka sita Mama aliyashona akiwa ameketi, maana miguu ilishamkataa, nami nikimtungia uzi sindanoni kila jioni nilipofunga studio yangu ya picha. Alisema mbele yako na mbele ya Donald kwamba yatakuwa yangu. Basi hata matanga hayajaisha, Everlyne, mke wa kaka yetu huyo Donald, alikuwa ameshalibeba sanduku zima kwake, eti panya wasiyale. Mwezi wa tatu mwaka jana nikasikia anapongezwa kanisani. Hoteli moja ya watalii ilitaka kuyatundika ukutani na kuyatia kwenye kalenda, na Everlyne alikuwa amewaambia kwamba ameyashona yeye, kwa mikono ile ile isiyojua kurudishia kifungo.

Dada, nilikasirika. Mablanketi ningeweza kuyasamehe, lakini jina la Mama, hapana. Mama hakuacha shamba wala nyumba ya kuezekwa kwa bati jipya. Aliacha kazi ile tu, na sasa ilikuwa na mwenyewe mwingine. Nilipomuuliza Donald, alisema hayajui mambo ya wanawake. Mama hakuwahi kuandika jina kwenye kazi yake, na akina mama wa kikundi cha kanisa hawakuwahi kumwona akishona. Ningesema nini? Halafu Everlyne mwenyewe akaja studio, ananukia marashi mpaka barabarani, akaniomba nimpigie picha mablanketi hayo nje, kila moja katika msimu wake. Nikamwambia sawa, wifi yangu, kwa moyo mkunjufu.

Mwaka mzima nikawa mpole kama maji ya mtungini. Aprili nililitandaza la masika kwenye ukuta wa mawe kule Sagalla, mahindi yakiwa ya kufika magotini. Julai tulipanda Bura na la kipupwe, ukungu ukapita mbele ya kamera mpaka nikasubiri saa nzima. Novemba nililianika la vuli pale pale nyumbani, mvua imekatika tu. Februari tukaenda Kishushe na la kiangazi, tukafunga kamba kati ya migunga miwili. Everlyne alishika pembe moja upepo usilichukue, huku akinifundisha kazi yangu: jua liwe mgongoni mwako, Tryphena, ndipo rangi zionekane. Nilitii. Nilikula chapati zake na kumsifu. Na kila mara alipokwenda kujipangusa vumbi, nilizunguka upande wa pili na kupiga picha nyingine, jua likiwa nyuma ya blanketi.

Hapa nikueleze jambo ambalo hulijui, kwa kuwa ulikuwa umeshaolewa. Mama hakutia pamba ndani. Alisema blanketi lazima liwe na tumbo, na tumbo lake hujazwa na watu wa nyumba hiyo. Kati ya viraka vya juu na kitambaa cha chini alilaza nguo zetu kuukuu, nzima nzima, bila kuzikata. Ukijifunika hujui. Ukilisimamisha mbele ya jua kali, zinajitokeza zote, kola na mikono.

Siku ya maonyesho ya mablanketi na picha za kalenda, mwezi uliopita, ukumbi wa kanisa ulijaa. Everlyne alivaa kitenge kipya na watoto wake wakaketi mbele. Picha kubwa ya kiangazi niliichapisha mimi, na nilikuwa nimeifunika kwa leso. Ilipofunuliwa, watu walisogea mbele: katikati ya ule wekundu lilisimama koti la mwanamume, mikono imetanuka. Hillary, meneja wa hoteli, alimuuliza Everlyne kwa adabu ni kitu gani kilichomo ndani. Akajibu kwamba ni pamba, aliinunua hapa Voi, labda picha ndiyo imeharibika. Nikasimama, nikasema picha zangu haziharibiki, na kama ni pamba basi tufumue upindo tuione. Donald alinivuta mkono akinisihi tukayamalize nyumbani. Nikamjibu kwamba sifa alizipokea mbele ya watu, na aibu ataipokea mbele ya watu. Nikatoa wembe, nikafumua blanketi lenyewe lililotundikwa kando ya picha, nikavuta koti la Baba la kazi ya reli, lile lenye mfuko uliotiwa uzi mwekundu, na jina lake, Mwadime, kwa wino ndani ya kola. Njia ya mwongo ni fupi. Everlyne aliketi sakafuni mbele ya watoto wake. Nilimtazama vizuri, na sitakudanganya, nilishiba.

Kalenda itatoka kwa jina la Mama.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa barua ya furaha. Lakini kesho yake Everlyne alikuja, macho yamevimba, akasema hatabeba mzigo huu peke yake. Akanionyesha simu. Wiki ile ya mazishi ulimwandikia ayachukue mablanketi, aseme ni yake, kwamba heri yawe ya mke wa Donald kuliko ya Tryphena anayejiona ndiye mtoto pekee wa Mama. Najua uliufuta ujumbe huo. Yeye alikuwa ameshaupiga picha. Ndiyo maana nimekuandikia kwenye karatasi, isiyofutika, na nakala ninayo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndani ya bahasha kuna picha ya blanketi la vuli, jua likiwa nyuma. Itazame vizuri. Sweta yangu ya shule iko chini kabisa, upande wa miguuni. Lililoko katikati, penye kifua, ni gauni lako la kipaimara, lile la ukosi wa lesi ulilomlaumu Mama kwamba aliligawa. Alilishonea mle kwa siku tatu, akitabasamu, nami nikimtungia uzi huku wivu ukinila. Hilo sijapata kumwambia mtu.

Agosti tutalijengea kaburi la Mama, na wewe ndiwe utakayesema kwa niaba ya watoto. Picha hii nimeichapisha kubwa kuliko ile ya koti. Itasimama nyuma yako. Utawaambia watu nani aliyashona mablanketi na nani aliyatoa kwa Everlyne. Usipokuja, nitausoma ujumbe wako mwenyewe, neno kwa neno, nao watalitazama gauni.

Donald anakusalimu, ingawa siku hizi hasemi na mtu. Nisalimie shemeji, na watoto waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Utunze mgongo, dada. Siku hiyo utasimama kwa muda mrefu.

Ni mimi mdogo wako, mtunga uzi,
Tryphena