Chumba Kinachohama

Mkuza, Kibaha
6 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mjukuu wako Naila ana mafua. Mguu unaendeleaje tangu ulipoteleza bafuni? Usinijibu "nimepona" tu, nakujua.

Kwa kuwa simu huisikii vizuri, nakuandikia. Nilipokuwa chuoni nikisomea kuchora majengo, tulionyeshwa michoro ya zamani ya Wazungu waliowaza miji inayotembea. Majengo makubwa yana miguu kama ya panzi, yanahama na watu wake ndani! Mwingine alichora jiji ambalo vyumba vinachomekwa na kuchomolewa kwa winchi. Halikujengwa hata moja. Lakini karakana ninayofanyia kazi inageuza makontena kuwa vyumba, na lori linavipeleka kokote. Nimekutengenezea kimoja, nikiweke hapa uani kwangu. Tangu Mama afariki, sipendi uishi peke yako. Hamia huku.

Mwanao,
Hajira

Kisarawe
15 Julai 2025

Mwanangu Hajira,

Marahaba. Mguu umepona. Haya, unauma kidogo nikipanda kwenda msikitini. Naila mpe tangawizi.

Hilo la mji wenye miguu limenikaa kichwani. Nimemsimulia jirani yetu Bi Tunu, kacheka mpaka khanga imemdondoka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ila tuna maswali. Mji ukiondoka, makaburi yanafuata? Ukitua kando ya shamba la watu, nani anabisha hodi, mji au mwenye shamba? Na choo je? Leo hakielekei kibla, kesho mji umegeuka, tutakaaje? Waliochora walilifikiria hilo?

La kuhama tutazungumza.

Baba yako,
Mwinyimadi

Mkuza
24 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naila kapona, tangawizi kaitema.

Swali la choo limechekesha karakana nzima, kisha tukaitandaza upya michoro yetu. Sasa fundi wetu Didas anataka choo kijitegemee, kigeuzwe chenyewe kila chumba kinapotua. Yameanza kwako hayo! Makaburi hayafuati, Baba. La hodi bado tunabishana.

Lakini hiyo "tutazungumza" yako naijua. Naogopa. Ukianguka tena, nani atakuinua? Lori litakuja kukuchukua Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Nijibu.

Mwanao,
Hajira

Mkuza
21 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Karibu mwezi mzima, kimya. Binamu Faraji anasema kakuona sokoni, mzima kabisa. Basi umenisusa. Kama nimekukosea, niambie. Naandika huku nalia.

Hajira

Kisarawe
25 Agosti 2025

Mwanangu Hajira,

Marahaba, mama. Futa machozi. Sikukususa, nilikuwa na kazi, nami sikutaka kukwambia kabla haijaisha, usije ukanikatalia.

Nimeng'oa mihogo yote ya ubavuni mwa nyumba. Vijana wa kwa Bi Tunu wamesawazisha ardhi, na ua tumeuvunja upande mmoja ili lori lipite.

Mimi sihami. Chumba ndicho kihame, si ndiyo kazi yake? Tangu tumzike mama yako, ukija hapa unaondoka kabla ya magharibi. Najua kulala ndani ya nyumba ile kunakuuma. Mimi pia kunaniuma, ila nimezoea. Basi lala kwenye chumba chako, wewe na Naila, kila mnapopata nafasi. Nikianguka nitakuita, na usipokuwepo nitamwita Bi Tunu.

Jumamosi mpande lori mje nacho. Choo mtakigeuza mkifika.

Baba yako,
Mwinyimadi