Kaka, Gia ya Tatu Nimeikagua Tena

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitika, ila siwezi kuanza na wewe bila shikamoo.

Naogopa, kaka. Binti yako Imelda amepata leseni ya udereva, na tajiri mmoja hapa Biharamulo amempa lori la kubeba maharage kutoka Rulenge. Gia ya tatu ilikuwa inachomoka yenyewe, akaniletea niifumue giaboksi. Hata kwenye lori lako, gia hiyohiyo ya tatu ndiyo iliyokuchomokea mteremkoni na shehena ya ndizi, lori likakimbia nawe mpaka bondeni.

Unakumbuka gereji yetu? Wewe ukiosha vipuri kwa dizeli, mimi nikivipanga juu ya gunia kwa kufuata jinsi vilivyotoka, na ole wangu kuku akipita hapo. Ulinifundisha kupitisha ukucha kwenye meno ya gia. "Jicho hudanganywa na mng'ao," ulisema. "Ukucha hauna aibu." Kisha ukanicheka nilivyozungusha beringi sikioni, eti kama mtu anayepokea simu ya mchumba.

Yote hayo nimefanya. Gia ya tatu meno yake yalikuwa yamelika, nimeweka mpya. Uma unaoisukuma ulikuwa umelika upande mmoja, nao nimebadilisha. Pete za shaba ni mpya, beringi hazivumi. Bado nafungua, naosha, nakagua upya. Nilimdanganya Imelda kwamba nasubiri kipuri kutoka Kahama. Hakuna kipuri, kaka. Ni hofu tu.

Leo amekuja, akasimama mlangoni mikono kiunoni kama mama yake.

"Shikamoo, baba mdogo. Hicho kipuri kinakuja kwa miguu?"

Nikaitikia marahaba, nikainamia giaboksi.

Unajua desturi yetu: fundi aliyefunga giaboksi hupanda safari ya kwanza, akae karibu na dereva, asikilize. Nikamwambia kesho twende wote. Akatikisa kichwa.

"Hapana, baba mdogo. Ukikaa pale utakuwa unamwona baba. Mimi nataka kuona barabara."

Basi nimefunga. Nati zote nimekaza, oili nimejaza. Asubuhi anaondoka peke yake, nami nitasimama gerejini nikisikiliza mlio mpaka upotee.

Kaka, kama huko uliko kuna ruhusa, kaa wewe pembeni yake. Usukani mwachie.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwachia spana.